Gari Lililokataa Kwenda kwa Kahaso

Gari la Mzee Badi lilikuwa na tabia, na tabia yake ilikuwa ya kumkomoa mtu mmoja tu. Alfajiri likimpeleka mwenyewe soko la Kongowea kwenye biashara yake ya nazi, lilikwenda. Bi Nana, mkewe, akitaka kufikishwa arusini Bakarani au matangani Mlaleo, lilikwenda bila neno. Lakini siku ambayo Ghalib, mkwe wao na dereva wao, aliwapakia mkewe Salme na mwanawe kuwapeleka Likoni kwa mamake, gari lilizima. Si mara moja, si mara mbili. Ikafika hadi majirani wa Kisauni wakimwona amevaa kanzu ya kutokea wanamuuliza, "Leo mwazimia wapi?"

Huyu Ghalib hakuwa mtu wa makuu. Alizaliwa Likoni, babake marehemu Khatibu alikuwa seremala, na mamake ni Kahaso, Mgiriama wa upande wa Kaloleni. Kahaso alisilimu siku aliyoolewa, akapewa jina la Ruzuna, na tangu hapo hajaacha swala hata akiwa na homa. Basi mumewe alipokufa, lile jina la Ruzuna nalo likafa, maana hakubaki wa kuliita. Kule Kisauni kwa wakwe, Bi Nana alimwita Kahaso, tena kwa kulivuta, ili kila mtu asikie limetoka wapi.

Ghalib alipomwoa Salme aliingia nyumbani kwa mke, kama ilivyo ada ya watu wa mji. Nyumba ilikuwa ya Bi Nana, aliachiwa na mamake, naye mamake aliachiwa na wake. Hata Mzee Badi, na ndevu zake zote nyeupe, aliingia mle akiwa bwana arusi na mkoba wake mkononi. Mwanamume aliyeingia nyumba ya mke ana kitanda chake na ana sahani yake, lakini ukuta si wake. Ghalib alilijua hilo na halikumsumbua. Aliheshimiwa, alipewa gari aendeshe, na mwanawe wa kiume alikubaliwa aitwe Khatibu, jina la babu yake wa Likoni. Kahaso alipoletewa habari ya lile jina alikaa chini akalia, akasema sasa hata akifa hadai kitu.

Gari lenyewe lilishuka na meli kutoka Dubai mwaka wa tisini na tano, jeupe, la Kijapani, la aina ile mpya isiyo na kabureta. Mafundi wa Kisauni walizoea magari ya kupulizwa kwa mdomo na kupigwa kwa nyundo. Hili walilifungua boneti, wakaona waya na vidude vyeusi vilivyofunikwa, wakalifunga tena kwa heshima.

Na kuzima kwake kulikuwa kwa ajabu. Ukienda Likoni mchana wa Jumapili, wapanga foleni ya feri. Jua juu, injini chini, wasogea hatua ukisimama. Ukiingia kwenye feri wazima gari, wavuka, wawasha, wapanda ule mlima wa kutokea. Hapo ndipo lilipokata. Halikukohoa, halikutetemeka, lilinyamaza tu katikati ya njia na watu nyuma wapiga honi. Ungezungusha ufunguo hadi kidole kiote sugu. Kisha, muda wa mtu kunywa chai na kuzungumza kidogo, likawaka kwa mara moja, likaenda hadi mlangoni kwa Kahaso, na jioni kwenye upepo likarudi Kisauni bila kosa.

Ghalib alilipeleka kwa mafundi. Wakabadilisha filta ya petroli, wakaosha pampu, wakatia plagi mpya. Kila alipolipeleka lilikuwa linanguruma vizuri, na fundi alimtazama yeye, si gari. Hakuna aibu kama ya kumweleza mtu ugonjwa ambao mgonjwa hataki kuuonyesha.

Bi Nana alianza kwa mzaha. "Gari hili halimtaki Kahaso," alisema wakila, watu wakacheka, hata Ghalib akacheka. Ule mzaha ukarudiwa wiki iliyofuata, na kicheko kikapungua. Mwisho ukasemwa pasi na kicheko. Ndipo Bi Nana akaenda kwa mwalimu wake mmoja, bingwa wa makombe, akamweleza. Mwalimu akatazama kitabu, akasema analiona jicho, la mwanamke, tena yuko ng'ambo ya maji. Hakutaja jina. Waalimu wa namna hiyo hawataji majina. Majina huja nayo wenye shida. Akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi ya waridi, akamtilia kombe lake kwenye chupa. Bi Nana akaliweka kwenye friji lisije likachacha.

Ikatokea taazia Mtongwe, ng'ambo ya feri, na Bi Nana akasema atakwenda mwenyewe. Lile kombe akalitia kwenye chupa ya kuhifadhia baridi, akaliweka mapajani. Foleni ilikuwa ndefu siku hiyo, na gari lilipomaliza kupanda mlima wa Likoni likanyamaza, kama kawaida yake. Bi Nana alishuka na buibui lake, akamwamrisha Ghalib afungue boneti, akapiga bismillahi, akamwaga kombe lote juu ya injini. Mvuke ukapanda, njia nzima ikanukia waridi.

"Tia ufunguo," akasema.

Gari likawaka. Wallahi likawaka saa ile ile, na watu waliokuja kulisukuma wakatoa takbiri. Ghalib alikaa nyuma ya usukani asijue pa kutazama.

Waliporudi nyumbani Bi Nana alitoa hukumu yake kwa upole kabisa, na upole wake ndio uliokuwa mgumu kupingwa. "Mwanangu Ghalib, mimi sina ugomvi na mtu. Lakini mtoto yule mdogo. Mtoto havuki tena maji." Salme akatazama sakafu. Mzee Badi akaomba chai.

Tangu siku hiyo Ghalib alikwenda Likoni peke yake, kwa miguu na kwa feri. Kahaso alimpokea mlangoni, akatazama nyuma yake, kisha akatazama tena, asije akawa mtoto amejificha. "Mjukuu wangu yuko wapi?" Ana mafua, Mama. Wiki ya pili ana tumbo. Wiki ya tatu macho yanamuuma. Mtoto mzima, mnene, aliyekuwa akikimbiza kuku uani Kisauni, aliuguzwa na maneno ya babake hadi maradhi yakamwishia. Na Kahaso kila wiki alimpa dawa yake: majani ya mvumbasha yaliyofungwa kwenye khanga, asali kidogo kwenye kichupa. Ghalib alivipokea akavitupa kabla ya kupanda feri, kwani angekwenda navyo wapi? Majani ya Kahaso, katika nyumba ile?

Na lililomuuma zaidi si hilo. Siku moja mamake alipokuwa akimmiminia mchuzi, alijikuta anaitazama mikono yake. Ile mikono. Akajiuliza kama kweli, kama labda. Alikuwa ameliona kombe likiliwasha gari kwa macho yake mwenyewe. Akala upesi, akaaga, na njia nzima alijichukia kwa chuki ambayo hakuwahi kumchukia mtu mwingine.

Mtu mmoja akamwelekeza kwa Musyoka, Mkamba, fundi wa umeme wa magari kule Changamwe. Ghalib akaenda akamweleza yote, na alipofika kwenye kombe akashusha sauti. Musyoka hakucheka. Aliuliza tu, "Alimwaga upande gani?"

"Upande gani wa nini?"

"Wa injini. Mbele, nyuma, kulia, kushoto?"

Ghalib akafungua boneti, akamwonyesha. Pale, karibu na koili.

"Na hilo kombe lilikuwa baridi?"

"Lilitoka kwenye friji."

Musyoka akaweka spana chini. "Lete gari juani," akasema.

Wakaliacha linanguruma pale uwanjani, boneti limefungwa, na Musyoka akaziba uso wa gari kwa magunia lisipate upepo. Wakakaa kivulini wakala mihogo ya kukaanga. Ghalib alikuwa akiomba lizime, yeye aliyekuwa amemaliza mwaka akiomba lisizime. Likazima. Musyoka akaondoka na mhogo wake mdomoni, akachomoa waya mmoja wa plagi, akausogeza karibu na chuma, akamwambia Ghalib apige stata. Injini ilizunguka lakini hakuna cheche. Akalowesha kitambaa kwa maji, akakilaza juu ya kisanduku kidogo cheusi kilichofungwa kando ya koili, si kikubwa kuliko kibiriti. Wakangoja kidogo.

"Piga tena."

Cheche zikaruka, za buluu, zinalia tak, tak, tak.

"Basi ni hiki," Musyoka akasema. "Hiki ndicho kinachoiambia koili itoe moto. Ndani yake kimechoka. Kikipata joto jingi kinakata, kikipoa kinarudi. Kisauni na Kongowea hakiwahi kupata joto la kutosha. Foleni ya feri ndiyo inayokipika."

"Na mamangu?"

Musyoka alimtazama, akaona kwamba mtu huyu anauliza kweli. "Mamako hayumo humu ndani," akamwambia.

Ghalib akakaa juu ya tairi kuukuu. Alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine, akajifuta uso kwa mkono wenye grisi. Fundi alikuwa na kisanduku kama kile, alichokitoa kwenye gari lililopata ajali, akataka kukifunga pale pale. Ghalib akamzuia. Kikifungwa leo, gari halitazima tena, na Kisauni watasema nini? Watasema kombe limeponya, na mwenye jicho ni yule yule. Alitaka lizime mara moja zaidi, mbele yao, ili walione likiwashwa kwa maji ya bomba.

"Gari bovu hutengenezwa," Musyoka akasema. "Kesi za watu zina mafundi wake, na wewe si mmoja wao." Laiti angemsikia. Lakini mtu aliyebeba ukweli mfukoni huwa na haraka ya kuutoa, na ile haraka ndiyo humponza.

Nafasi ikapatikana. Mzee Badi alikuwa na shamba la minazi la kutazama upande wa Ng'ombeni, kupita Likoni, na Bi Nana akataka kufuatana naye. Salme akaja pia, mtoto akaachwa kwa jirani. Ghalib akajaza mtungi wa plastiki kwenye mfereji wa uani, mchana kweupe, kila mtu anamwona. Foleni ikamfanyia ihsani, ikawa ndefu. Jua likamfanyia ihsani. Kwenye mlima wa Likoni gari likakata, na kwa mara ya kwanza moyo wake ukaruka kwa furaha.

"Baba, Mama, nawaomba mshuke mtazame," akasema. "Haya ni maji ya mfereji. Nimeyateka uani, Salme ameniona. Hayana zafarani wala hayakusomewa."

Wakashuka. Akayamimina juu ya kile kisanduku polepole, akangoja, akaingia, akazungusha ufunguo. Gari likawaka. Akatoka akiwa anatabasamu, amesimama wima kama mtu aliyetoka kizimbani huru.

Bi Nana alikuwa ameshika kifua. "Alhamdulillahi, leo nimeona kwa macho yangu," akasema.

"Umeona, Mama?"

"Nimeona, baba. Kombe langu lilisomwa na mtu mwenye elimu yake, akakesha nalo. Wewe watia maji matupu na gari lawaka." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Basi jambo hili walitambua. Aliyefunga ndiye ajuaye kufungua. Na kama si wewe, basi ni huyo aliyekufundisha."

Ghalib akaanza kueleza. Akasema joto, akasema cheche, akasema Musyoka wa Changamwe, akaonyesha kwa kidole. Na kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yake yalivyozidi kufanana na visingizio, mwenyewe anajisikia. Salme alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. Mzee Badi akakuna ndevu, akarudi garini, akafunga mlango.

Jioni yake mzee alimwita barazani. "Nimeona," Mzee Badi akasema. "Mimi si mtoto. Chuma kikipata moto kina mambo yake."

"Basi sema, Baba. Wewe ukisema atasikia."

"Niseme nikiwa wapi? Nyumba hii niliingia kama ulivyoingia wewe." Akainuka, akaingia ndani.

Chumbani Ghalib akamwambia Salme wahame. Wapange chumba Likoni, hata kama ni cha makuti. Salme hakuwa mwanamke mbaya, na alimpenda mumewe, hilo lisisahauliwe. Alikuwa akimfunika mtoto aliyelala. "Nikitoka kwa ugomvi Mama ataniondolea radhi zake," akasema. "Wataka mwanao alelewe na mama asiye na radhi za mamake?"

Nani ana jibu la hilo? Radhi ya mama si kitu cha kupigia hesabu, na yeye mwenyewe alikuwa akihangaika kwa ajili ya mamake. Kila mlango aliousukuma ulikuwa na mama nyuma yake.

Akaenda Likoni, na safari hii hakumwuguza mtoto. Alimweleza mamake yote: mwalimu, kombe, kisanduku, maji ya mfereji. Kahaso alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, na hakuacha kukuna hadi kifuu kikabaki kitupu.

"Kumbe haumwi," akasema.

"Haumwi, Mama. Mzima."

"Ameanza kusema?"

"Anasema."

"Anasema nini?"

"Anaita maji. Anaita paka. Anaita bibi."

Alijuta neno hilo lilipokwisha kutoka. Kahaso akakung'uta machicha yaliyobaki kwenye mbuzi. "Bibi anayemwita ni yule wa huko," akasema. Hakuwa anauliza.

Ghalib akamwambia waende wakale yamini. Waende wote wawili, mbele ya kadhi watu wa Kisauni wakitaka, mkono juu ya Msahafu, mama aape kwamba hakufanya kitu. Kahaso akatikisa kichwa. "Nikiapa wataniamini? Watasema nimeongeza na kiapo cha uongo. Kiapo husikizwa na anayekutaka uwe msafi." Akainuka kwa shida, akashika kiuno. "Nenda kawaambie ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi niliyelifunga. Waambie nilikuwa na wivu, mwanangu kachukuliwa, mjukuu kachukuliwa, shetani akanipitia. Na sasa nimetubu. Mwenye kutubu hafukuzwi, dini imesema, na Bi Nana ni mtu wa dini."

"Mama, ni uongo."

"Ni uongo wangu. Mungu anaujua ulikotoka." Akautazama mlango. "Mimi nina siku ngapi, Ghalib? Nikae nazo hapa na usafi wangu, mlango mtupu? Nataka mtoto anijue. Basi. Na kalitengeneze hilo gari kwanza, lisije likanizimia njiani nikiwa nakwenda kutubu."

Alibishana naye hadi alasiri. Alimwambia ataitwa mchawi hadi kaburini. Akajibu kwamba anaitwa tayari, na hajalipwa. Mwisho Ghalib akafanya alivyotumwa, maana hakuona njia nyingine, na kila aliyeombwa ushauri alikuwa amekwisha kusema lake.

Musyoka akakifunga kisanduku, bila kuuliza kesi imekwendaje. Ijumaa baada ya swala gari likapanga foleni kwenye jua kali, likavuka, likachukua mama wa watu, likavuka tena. Halikutetereka. Lilikwenda hadi mlangoni kwa Bi Nana, na kila mtu aliyekuwa kibarazani aliona jinsi lilivyokwenda.

Kahaso alikaa ukingoni mwa jamvi, mgongo umenyooka. Alisema maneno yake yote kwa sauti ya kusikika, hakuruka hata moja: wivu, shetani, toba. Wanawake wa jirani walikuwemo. Bi Nana akalia, na kilio chake kilikuwa cha kweli, maana hakuwa mtu wa hila. Aliamini kila alichosema tangu mwanzo. Akamkumbatia mwenzake, akamwita dada, akaagiza mtoto aletwe. Khatibu akawekwa mapajani mwa Kahaso. Alimtazama yule mwanamke mgeni, akalishika sikio lake akaanza kuchezea kipini, naye Kahaso akafumba macho.

Mzee Badi akainua mikono kuomba dua. Akamwomba Mola amsamehe mama huyu kwa alilolitenda, amtakabalie toba yake, auondoe uovu wake katika nyumba hii na katika kizazi hiki. Alisoma taratibu, na juu ya viganja vyake akamtazama Ghalib, kisha akatazama kando. "Itikieni," akasema.

Wanawake wakaitikia. Salme akaitikia. Kahaso, kamkumbatia mtoto kwa mikono miwili, akageuza uso akamtazama mwanawe, akamngoja.

"Amin," akasema Ghalib.